UZI: WiFi ya bure mji mzima. Sawa, lakini bili ya kila mwezi inalipwa na nani?

Kwenye kura ya wiki jana mada hii ilishinda ile ya ada za maegesho, haya basi. Sheria za hapa mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunachambua hoja, si watu. Ukimtaja mtu kwenye majibu nitaficha. Shika chai, uzi ni mrefu.

Kila mdahalo wa ugavana lazima kuna mahali mtu anasema, "Tutaweka WiFi ya bure mji mzima." Watu wanapiga makofi. Mpinzani anajibu, "Wananchi wanataka maji, si WiFi." Huyo naye anapigiwa makofi. Mwendesha mdahalo anaangalia saa, anaruka kwa swali la barabara, na sisi tunabaki na makofi mawili bila hesabu hata moja.

Kwa maoni yangu wote wawili wamekwepa swali lenyewe: mwezi wa saba baada ya utepe kukatwa, nani analipa bili ya intaneti, na hiyo pesa iko ukurasa gani wa bajeti? Uzi wote huu ni kuhusu hilo.

Tuanze na wa "wananchi wanataka maji", kwa sababu hoja yake inasikika vizuri sana na ndiyo inadanganya zaidi.

Fikiria kijana aliyemaliza kidato cha nne. Kuchagua kozi ya chuo ni kwa tovuti ya KUCCPS. Mkopo wa HELB unaombwa mtandaoni. Cheti cha tabia njema, unaanzia eCitizen. Akipata PIN ya KRA, kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni lazima ajaze ritani, hata kama hana kazi na anajaza sifuri, na hiyo pia ni mtandaoni. Serikali ilihamisha dirisha lake kutoka ofisini hadi kwenye intaneti. Sipingi hilo, foleni za zamani tunazikumbuka. Lakini ukihamisha dirisha la ofisi, lazima pia uulize mtu atafikaje kwa hilo dirisha.

Sensa ya 2019 ilipata kwamba Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti walikuwa asilimia 22.6. Nairobi peke yake ilikuwa zaidi ya nusu. Miaka imesonga na namba zimepanda, lakini angalia umbo la hiyo hesabu: nchi ile ile, huduma za serikali zile zile, na sehemu moja ya watu inaishi karibu na dirisha huku wengine wakipanda boda kulifuata. Mtu wa mtaa wa chini hanunui intaneti ya mwezi kama wewe. Ananunua bando ya siku, tena ndogo, inaisha usiku wa manane hata kama hajaitumia yote. Kwa kila megabaiti analipa zaidi ya yule mwenye faiba nyumbani. Huyu ndiye anayeambiwa WiFi ni anasa.

Kwa hivyo hapana, si suala la maji ama WiFi. Kaunti inafanya mambo mengi kwa wakati mmoja, ndiyo maana bajeti ina kurasa nyingi.

Sasa twende kwa wa "mji mzima". Hapa ndipo kuna kazi.

Tukubaliane kwanza kitu kimoja: WiFi si intaneti. WiFi ni mita chache za mwisho. Ni mfereji. Unaweza kujenga mfereji mzuri sokoni, upake rangi ya kaunti, uandike jina la mradi kwa herufi kubwa, lakini kama hakuna bomba kutoka kwa tanki, mama mboga atafungua na asikie upepo tu.

Tanki letu liko wapi? Kwa sehemu kubwa linaingilia Mombasa. Kabla ya 2009 nchi hii ilitegemea setilaiti, intaneti ilikuwa ghali na ya kuvuta kamba. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikafika pwani yetu, na 2010 ikaja EASSy. Kutoka pwani faiba ikasambaa bara, ya kampuni binafsi na pia ule uti wa mgongo wa taifa unaoitwa NOFBI, ambao ulipelekwa hadi makao makuu ya kaunti. Kwa hivyo leo mara nyingi faiba inafika mjini, inafika hadi ofisi za kaunti. Pengo ni kutoka hapo hadi stendi ya matatu, soko, zahanati na mtaa. Hicho kipande ndicho wanasiasa wanaahidi kukifunika kwa mawimbi.

Na mawimbi yana adabu zake. Kifaa cha WiFi cha kawaida kinafika makumi ya mita, kikiwa nje na bila vizuizi labda zaidi kidogo. Ukuta wa mawe unakipunguza nguvu. Mabati ndiyo adui mkubwa, kwa sababu chuma kinarudisha mawimbi. Sasa niambie mitaa yetu mingi imejengwa na nini. Unaweza kuweka kifaa kwa kila posti ya taa ya barabarani na mtu aliye ndani ya nyumba ya mabati hatua ishirini kutoka hapo asipate kitu. Akitaka, atoke nje asimame.

Halafu kuna kugawana. Tuseme stendi imewekewa laini ya megabiti 50 kwa sekunde. Watu 100 wakiingia pamoja, kila mmoja anabaki na nusu megabiti. Meseji za WhatsApp zinapita, fomu ya KRA inapita kwa uvumilivu. Video inazunguka. Waliokaa hosteli za chuo hawahitaji kufunzwa hii hesabu: saa tatu usiku hakuna kitu, saa tisa usiku unashusha sinema nzima kwa dakika. Ni laini ile ile, ila wenzako wamelala.

Kuna mji uliojaribu hii ahadi yote, kwa pesa na kwa nia nzuri, na ningependa kila mgombea ausome kabla ya kufungua mdomo: Philadelphia, Marekani.

Mwaka 2004 mji huo ulitangaza kwamba utafunikwa wote na WiFi, kilomita za mraba 350 hivi. Lengo halikuwa watalii, lilikuwa kuwafikia watu wa mitaa maskini walioachwa nje. Kampuni ya EarthLink ikapewa kazi. Na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu sentensi hii utaisikia tena hapa kwetu: mlipa kodi hangetoa senti. Kampuni ingejenga kwa pesa yake, vifaa vingefungwa kwenye posti za taa za barabarani, na ingerudisha pesa kwa kuuzia wakaazi intaneti kwa bei nafuu, huku maskini wakipunguziwa zaidi.

Mawimbi yakagonga kuta za matofali. Waliotaka huduma ndani ya nyumba ikabidi watafute vifaa vya ziada. Vifaa vya barabarani navyo vikahitajika vingi kuliko hesabu ya kwanza. Wateja wakaja wachache sana, maelfu tu katika mji wenye watu karibu milioni moja na nusu. Mwaka 2008 EarthLink ikaamua kutoka. Ilikuwa pia imeahidi San Francisco kitu kama hicho, na huko ikaondoka kabla hata ya kujenga. Baadaye mji wa Philadelphia ulinunua mabaki ya mtandao kwa dola milioni 2 ili utumike na wafanyakazi wake.

Hapo kuna kipande cha siasa ambacho hakitajwi sana. Mwaka huo huo wa 2004 jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kubana miji isiuze intaneti kwa wakaazi bila kwanza kuipa nafasi kampuni ya simu ya eneo hilo. Philadelphia ikapenya kwa sababu kampuni husika ilikubali kuiachia. Mnaona? Hata kabla ya kifaa cha kwanza kufungwa, swali la nani ana ruhusa ya kuuza intaneti lilikuwa limeshapiganiwa bungeni. Hakuna WiFi isiyo na siasa.

Mtu ataniambia, hiyo ni Marekani, sisi tuko Afrika. Sawa, twende Afrika Kusini.

Mji wa Tshwane, yaani Pretoria na viunga vyake, ulianzisha WiFi ya bure Novemba 2013 pamoja na shirika lisilo la faida linaloitwa Project Isizwe. Huu ulikuwa mradi wa akili kuliko wa Philadelphia, na nasema hivyo kwa sababu mbili. Kwanza haukujaribu kufunika mji wote. Ulichagua mahali watu wanakaa kwa muda: vyuo, shule, bustani, vituo vya jamii, sehemu kama Soshanguve na Mamelodi. Pili, uliweka kipimo. Mwanzo ilikuwa megabaiti 250 kwa siku kwa kila mtu, baadaye ikaongezwa. Ukimaliza, kesho. Na jambo kubwa zaidi: bili ilikuwa ya mji. Hakukuwa na ndoto kwamba matangazo au wateja wangeilipa. Watu wakaitumia kweli kweli.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2016 na usimamizi wa mji ukabadilika. Mkataba ule ulikuwa umetolewa kama ruzuku kwa shirika, bila ushindani wa tenda, na hilo likawa shimo. Waliochukua ofisi wakauliza maswali halali kuhusu njia iliyotumika, upande wa pili ukasema maskini wananyang'anywa intaneti, na huduma ambayo watu walikuwa wameizoea ikawa mpira wa kupigwa huku na kule. Kijana wa Soshanguve aliyekuwa akitafutia kazi hapo hakujali nani ana haki kwenye karatasi za ununuzi. Kwake kilichobaki ni ishara ya WiFi isiyofunguka.

Philadelphia iliangushwa na fizikia na soko. Tshwane mtandao ulifanya kazi, ila karatasi zake hazikuwa na nguvu ya kuvuka uchaguzi. Binafsi naogopa zaidi ya pili, kwa sababu hapa kwetu kila miaka mitano tunaona miradi ikiachwa jinsi ilivyo kwa sababu ilianzishwa na mtu mwingine.

Na hapa nyumbani? Hatuanzi sifuri. Nakuru ilizindua WiFi ya bure mjini mwaka 2014, kaunti ikishirikiana na Liquid Telecom, ikaitwa Bilawaya. Jina tamu, nadhani ndilo jina bora la mradi wa serikali nililowahi kusikia. Nanyuki nako, mwaka 2013, mradi wa Mawingu ulianza kurusha intaneti kwa masafa ya TV yasiyotumika, kwa kutumia sola, hadi shule na zahanati zilizo mbali na nguzo za stima. Hayo masafa yanasafiri mbali kuliko WiFi, kwa hivyo yanaleta intaneti hadi kijijini halafu WiFi inamalizia. Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii ulioanzishwa na vijana wa taasisi ya mafunzo ya hapo hapo. Serikali kuu nayo iliweka kwenye mipango yake vituo 25,000 vya WiFi ya umma na kitovu cha dijitali kwa kila wadi, na wadi ziko 1,450.

Kampuni kubwa pia zilijaribu. Facebook ilikuwa na Express Wi-Fi, ikaifunga 2022. Google ilikuwa na Station, iliyoanzia kwenye vituo vya treni India na kuenea nchi kadhaa, ikatangaza kuifunga 2020. Siwalaumu, hizo ni biashara na hesabu zao zilibadilika. Ila mgombea akikuambia "kuna kampuni kubwa imekubali kutufanyia bure", muulize mkataba ni wa miaka mingapi na siku wakiondoka vifaa vinabaki vya nani.

Haya, sasa tufike kwa pesa, mahali ambapo midahalo haifiki.

Kwenye bajeti ya kaunti kuna vikapu viwili: maendeleo na matumizi ya kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa muda wa kati, iende kwa maendeleo. Ni sheria nzuri, bila hiyo mishahara ingekula kila kitu. Lakini ona inavyocheza kwenye WiFi. Kununua vifaa, kusimamisha mlingoti, kuvuta waya: hayo ni maendeleo. Yanaonekana, yanapigwa picha, yanasaidia kaunti kufikisha ile asilimia 30. Bili ya intaneti ya kila mwezi, stima, fundi wa kurekebisha kifaa kilichopigwa na radi, mlinzi wa betri za sola: hayo ni matumizi ya kawaida. Hayana utepe. Yanashindana na mishahara na mafuta ya magari, kikapu ambacho kila siku tunaambiwa kipunguzwe.

Nipige hesabu ya mfano, namba ni zangu za kuelezea tu. Kaunti inaweka vituo 50. Kila kimoja kinagharimu 200,000 kujenga, jumla milioni 10. Kila kimoja kinahitaji intaneti ya 15,000 kwa mwezi. Hiyo ni 750,000 kwa mwezi, milioni 9 kwa mwaka, milioni 45 kwa muhula wa miaka mitano. Yaani kile kilichozinduliwa kwa mbwembwe ni milioni 10, na kile ambacho hakuna mtu amekitaja jukwaani ni milioni 45. Mwezi wa kumi na nne tu bili imeshapita gharama ya ujenzi. Halafu pesa kutoka Hazina zinachelewa, mnajua vile huwa, na kaunti inaanza kupanga nani alipwe kwanza. Wafanyakazi wakikosa mshahara kuna mgomo. Kampuni ya intaneti ikikosa kulipwa inakata tu, kimya kimya, na mlingoti unabaki umesimama.

Ndiyo maana nasema tusihesabu milingoti. Ripoti ya kaunti ikisema "vituo 50 vimekamilika", hilo ni jibu la swali la maendeleo. Swali lako wewe ni vingapi vilikuwa vinafanya kazi Jumanne iliyopita.

Kuna na Katiba. Jedwali la Nne linaipa serikali kuu kazi ya mawasiliano ya simu. Kaunti haina hiyo kazi. Lakini taa za barabarani ni za kaunti. Masoko ni ya kaunti. Maktaba, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na vituo vya afya, za kaunti. Kwa hivyo gavana hawezi kugawa masafa wala kutoa leseni, hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Mawasiliano, ila ana majengo na nguzo ambazo intaneti inahitaji ili ifike kwa mtu. Na ana kitu kingine: ruhusa ya kuchimba barabara kupitisha faiba. Kaunti inaweza kusimama asubuhi kuahidi WiFi ya bure na mchana ikaongeza ada ya kuchimba mita moja ya mtaro. Ile ada hailipwi na kampuni, inaishia kwenye bei yako ya mwezi. Huwa sielewi kwa nini hakuna mtu anayeuliza hili kwenye mdahalo.

Mtaniuliza, wewe ungefanya nini? Sina kaunti, nina mtihani wiki ijayo. Lakini kama ningeandika manifesto, ningeacha neno "mji mzima" kabisa. Ningeanza na majengo ambayo tayari ni ya kaunti na ambayo watu wanaenda wakiwa na shida ya intaneti: maktaba, chuo cha ufundi, soko, zahanati. Mahali pana kiti, paa na stima. Mahali mtoto wa shule anaweza kukaa saa mbili.

Uganda walifanya kitu kimoja nakipenda. Mwaka 2016, Kampala na Entebbe, mamlaka yao ya teknolojia ilianza kuwafungulia wananchi WiFi ya bure kuanzia jioni hadi asubuhi na wikendi. Sababu? Intaneti ya ofisi za serikali imelipiwa saa 24, na saa kumi na moja jioni wafanyakazi wanaenda nyumbani. Ile iliyobaki ilikuwa inalala bure. Kaunti zetu zina ofisi zenye faiba na zinafungwa jioni pia. Bili imeshalipwa!

Lakini hata hapo uliza: nani anaweza kusimama nje saa tatu usiku na simu mkononi? Vijana wa kiume, labda. Dada yako hawezi, na hata hao vijana kuna mitaa wataporwa. WiFi ya usiku kwenye uwanja usio na taa ni huduma ya nusu ya watu. Ndiyo nasema jengo, taa na mtu wa kufungua mlango ni sehemu ya mradi wa intaneti kama vile ruta.

Na mtu wa kusaidia pia. Wengi wanadhani WiFi ya bure itaua cyber. Sidhani. Ukienda cyber, kile unalipia zaidi si intaneti, ni yule jamaa anayejua ubonyeze wapi ili fomu ya HELB ikubali. Mzee aliye na simu ya kawaida na anatafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu hahitaji mawimbi, anahitaji mtu mvumilivu mwenye kompyuta. Kitovu cha dijitali kisicho na mtu wa kuhudumu ni chumba tu.

Kwa mitaa yenyewe, majumbani, ningeachia mitandao ya jamii na kampuni ndogo, na ningewaondolea vikwazo. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021, kwa hivyo kikundi cha mtaa kinaweza kujisajili, kununua intaneti kwa jumla na kugawana kwa bei yao. Catalonia, Uhispania, kuna mtandao wa namna hii unaoitwa guifi.net, ulianza 2004 vijijini ambako kampuni hazikutaka kwenda, na sasa una vituo zaidi ya 30,000 vilivyounganishwa na watu wenyewe. Si bure, watu wanachangia. Lakini hakuna uchaguzi unaoweza kuuzima, kwa sababu hakuna ofisi moja inayoumiliki. Kaunti inaweza kusaidia kitu kama hicho kwa kutoa paa la soko la kufungia kifaa, bila kuomba jina lake liandikwe.

Jambo moja haraka kabla ya maswali yenu: ukiunganisha WiFi ya umma na ukurasa ukakuomba namba ya simu na jina, hiyo ni data yako binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamfunga anayeichukua, hata akiwa kaunti. Ana wajibu wa kukuambia anaitaka ya nini. Msimu wa kampeni ukifika na uanze kupata meseji za kuomba kura kutoka kwa namba usizozijua, angalau utakuwa na mahali pa kuanzia kuuliza.

Wengi mmeniuliza DM: sasa raia wa kawaida anauliza wapi? Mdahalo wa TV si mahali pazuri, una sekunde 90. Kalenda ya bajeti ni bora. Kufikia tarehe 1 Septemba kaunti inapeleka kwa bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka. Kufikia mwisho wa Februari inapeleka karatasi ya sera ya fedha. Kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yanafika bungeni, na lazima wananchi wahusishwe. Hiyo mikutano huwa na watu wachache na soda nyingi. Nenda na swali moja, liandike kwa karatasi: laini ya bili za intaneti ya vituo vya umma ni namba gani kwenye matumizi ya kawaida, na ni kiasi gani? Wakikuonyesha mlingoti kwenye maendeleo na upande wa pili hakuna kitu, umeshapata jibu.

Ama andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Omba mkataba: ni wa miaka mingapi, ulipatikana kwa tenda gani, kasi iliyoahidiwa ni ipi kwa kila kituo, faini ni kiasi gani ikikatika, na vifaa ni vya nani ukiisha. Kikundi cha vijana wa wadi moja kinaweza kufanya hivyo kwa barua moja na muhuri wa kupokelewa. Mtakaopata majibu, tumeni hapa nitayaweka chini ya uzi huu, kaunti baada ya kaunti. Nikishapata tano tutaanza kulinganisha.

Uzi ujao ni ada za maegesho, zilikuwa namba mbili.